Uzi: Robota lililopita Tabora, na mengine yaliyonikosesha usingizi likizo hii

#1 Mwanzisha uzi, Tabora mjini

Shule zilipofungwa mwezi Desemba nilijiapiza kwamba sitashika kalamu nyekundu hadi mwaka mpya, bali nitasoma na kutazama vile vitu ambavyo mwaka mzima nimekuwa nikivirundika kwenye simu kwa ahadi ya kuvipitia nikipata nafasi. Mvua za huku kwetu zilinisaidia, kwa sababu barabara ya mtaani ikishageuka matope hakuna pa kwenda, na mpwa wangu wa kidato cha tatu aliyekuja kukaa nasi kutoka Sikonge alikuwa na hamu ya filamu za kutisha kuliko hamu ya chakula. Kwa hiyo uzi huu ni taarifa ya likizo: nilichokisoma, nilichokitazama, na jinsi vyote, bila mimi kuvipanga hivyo, vilivyoishia kunitisha kwa namna moja. Ni mrefu. Mwenye haraka apite.

Tulianza na Get Out, filamu ya Jordan Peele ya mwaka 2017, ambayo najua wengi wenu mliitazama zamani na mtanicheka. Katika tukio la kwanza kijana mweusi anatekwa usiku kwenye mtaa wa watu wenye uwezo. Baadaye yanaanza kupita majina ya waigizaji, na chini yake unasikika wimbo wa sauti za kunong'ona. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, hawa si wanaimba Kiswahili?" Nikamwambia anyamaze, tukarudisha nyuma mara mbili. Ni Kiswahili kweli. Wimbo huo, alioutunga Michael Abels, unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", na ujumbe wake ni kumhimiza ndugu akimbie. (Kwa kuwa ninafundisha somo hili siwezi kujizuia kusema kwamba sisi tungesema "wasikilize wahenga". Lakini tuwasamehe, wahenga hawafanyi mtihani wa sarufi.)

Hebu litafakarini jambo hilo. Filamu imezunguka dunia nzima, na watazamaji walio wengi walisikia mnong'ono wa kuogofya tu, usio na maana yoyote kwao, ilhali Tabora watu wawili waliokaa kwenye mkeka wanaelewa tangu dakika za mwanzo kwamba shujaa, kijana mweusi anayekwenda kujulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake Mzungu, ameshaonywa, na kwamba hajui lugha aliyoonywa nayo. Tangu hapo kila tabasamu la wale wakwe zake watarajiwa lilinitia baridi. Wanamkaribisha vizuri mno, wanamsifia, wageni wao wanamshika misuli ya mkono kama watu wanaochagua ng'ombe mnadani. Na mnada kweli unakuja, tena wa kimya kimya, wenye kadi za bingo mkononi na picha ya kijana mwenyewe ikiwa imesimamishwa mbele. Anayeshinda ni kipofu muuza picha za sanaa, naye anachokitaka ni macho ya kijana huyo. Filamu hiyo ilimpatia Peele tuzo ya Oscar ya mswada bora wa asili mwaka 2018, na aliyecheza kama Chris, Daniel Kaluuya, ni mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda. Kuna dakika ambapo machozi yanamtoka huku uso haujasogea hata kidogo, kwa sababu mama mkwe anampumbaza akili kwa kukoroga chai, kijiko kikigonga kikombe. Tangu siku hiyo mke wangu akikoroga chai mpwa wangu anatoka nje.

Filamu ilipoisha nilimwambia kijana kwamba hii naijua. Bibi yangu alikuwa akinisimulia. Bibi alikulia Urambo, na kwake hofu kubwa haikuwa simba wala mchawi, bali mumiani: watu wanaopita na gari jioni, wenye mavazi mazuri na maneno laini, wakikuchukua wanakutoa damu wakauze, na nyumbani unarudi mtupu au hurudi kabisa. Tulipokuwa wadogo hatukuruhusiwa kupokea lifti ya gari lolote. Nikiwa chuoni, wahudumu walipokuja kuomba wachangiaji wa damu, nusu ya bweni letu ilipotelea mjini huku ikicheka, na mimi nilikuwa miongoni mwao, na leo ninaona aibu kwa sababu baadaye mwanangu alihitaji chupa mbili akazipata kwa watu nisiowajua.

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyonifanya nikifungue kitabu ambacho rafiki yangu mmoja alinitumia muda mrefu uliopita: utafiti wa mwanahistoria Luise White, uliochapishwa mwaka 2000, kuhusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya kikoloni. Ni kitabu kigumu na Kiingereza chake kinataka subira. Lakini nilikisoma kama riwaya. Anaonyesha kwamba hadithi hii ya bibi yangu ilizagaa katika makoloni mengi ya ukanda huu kwa majina mbalimbali: huku kwetu mumiani, Nairobi na Kampala wazimamoto, Rhodesia ya Kaskazini banyama. Katika miji ile walioogopwa walikuwa wafanyakazi wa kikosi cha kuzima moto, na magari yasiyo na madirisha, na mashimo ambamo watu walisemekana kufichwa. Kilichonishika ni kwamba White hakubali kulimaliza jambo kwa kusema ni ujinga wa watu wasiosoma. Swali lake ni jingine: watu hawa walikuwa wakisema nini kuhusu maisha yao, waliposimulia juu ya wageni wanaolipwa mshahara ili kuwatoa wengine damu? Bibi yangu asingeyaelewa maneno ya kitaaluma, ila aliishi Urambo wakati Waingereza wanafyeka misitu ili kulima karanga kwa matrekta, na nadhani alijua vizuri maana ya kitu chako kuchukuliwa na mtu mwenye gari.

Nikaifungua kamusi. Mumiani, kabla ya kuwa mtu, ni dawa: kitu kizito cheusi kama lami ambacho watu waliamini kimetengenezwa kwa damu. Asili yake ni Kiajemi, na mzizi huohuo ndio uliowapa Wazungu neno wanalolitumia kwa maiti za Misri zilizokaushwa.

Ndipo maiti iliyokaushwa ikanipeleka Kwihara, hapa jirani na Tabora. Ninyi wenyeji mnaifahamu ile tembe aliyokaa David Livingstone mwaka 1872, Stanley alipokwisha kuondoka, akisubiri wapagazi kutoka pwani hadi mwezi Agosti. Shuleni tunafundishwa walivyokutana Ujiji mwaka 1871, na habari inaishia hapo kama vile baada ya kupeana mikono watu wote walikwenda kulala. Mimi niliisoma sehemu inayofuata, katika shajara zake za mwisho zilizochapwa mwaka 1874, ambazo mhariri wake, Horace Waller, aliongezea masimulizi ya watumishi wawili, Chuma na Susi. Jamani. Hakuna filamu iliyonikalia kichwani namna hiyo.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wangeweza kumzika palepale na kurudi makwao. Badala yake waliamua kumpeleka pwani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, akampasua na kutoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti ndani ya kopo la bati, na Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14. Kisha wakaikunja miguu magotini ili kifurushi kiwe kifupi, wakauzungushia vitambaa, wakaubandua mti gome lake likiwa zima, na ndani ya gome hilo wakamtia. Mtu wa Tabora hahitaji kuchorewa picha: ndivyo warina asali wetu wanavyotengeneza mzinga. Juu yake wakashona turubai, wakafunga kwenye mti wa kubebea, safari ikaanza.

Miezi ilipita kabla hawajafika huku Unyanyembe, jina la zamani la eneo letu hili la Tabora. Hapa walikutana na msafara wa Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, ambaye aliwashauri wamzike hapahapa, wakakataa. Lakini kisa kilichonitisha hasa kilitokea walipokwisha kutoka Tabora, mahali panapoitwa Kasekera, kwa sababu wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Chuma na Susi wakafanya hivi. Waliufungua mwili kutoka kwenye gome, wakaufunga upya uonekane kama robota la kawaida la nguo za biashara. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayakata kwa urefu wa mtu, wakayavika nguo kama maiti inayokwenda kuzikwa, wakawapa watu sita wayabebe kwa heshima zote kurudi Unyanyembe, wenyeji wakishuhudia. Usiku, porini, wale sita wakayatupa mabua kidogo kidogo, nguo wakazificha, kisha mmoja mmoja wakawafuata wenzao.

Nilikiweka kitabu kifuani, nikasikiliza mvua. Maiti bandia inabebwa kwa majonzi, na maiti halisi imekaa katikati ya marobota, mtu anaiegemea akivuta tumbaku. Nadhani ndipo nilipoelewa kwamba mzuka haunitishi tena kwa umri huu. Kinachonitisha ni mwili wa mtu unapoingia katika hesabu ya mizigo: picha ya kijana mbele ya kadi za bingo, damu ya bibi katika chupa, mzee wa Kizungu aliyekunjwa magoti. Nami naishi katika mji ambao kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa hiyo. Misafara ilipita hapa na pembe za ndovu, na watu waliozibeba baadhi yao waliuzwa pamoja nazo.

Kwa ufupi tu, nilisoma pia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf anachukuliwa na "ami" yake tajiri akidhani anakwenda kutembea, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba. Nayo ni habari ya mzigo, ila mzigo huu una miaka 12 na unatamani kurudi kwa mama yake. Kwa mara ya kwanza nilihisi wahusika wa Gurnah wamerudi kuzungumza lugha waliyokuwa wakiiwazia.

Naomba michango yenu. Ninyi mmetazama nini, mmesoma nini, na kipi kilikataa kutoka kichwani?

#2 Mdau, Ujiji

Mwalimu, shikamoo, na pole na matope. Nimesoma hadi mwisho ingawa ulitutishia urefu.

Mchango wangu ni wa kuchekesha kidogo, lakini upo ndani ya mada. Juzi niliingia kibanda umiza hapa mtaani, wakawa wanaonyesha A Quiet Place, ile ya John Krasinski ya mwaka 2018, ambamo viumbe vipofu vinawinda watu kwa kufuata sauti, na familia inalazimika kuishi bila kutamka neno, ikitembea pekupeku juu ya mchanga. Nilikuwa nimeitazama kwa simu na kuisikilizia kwenye vipokea sauti, nikaona utamu wake wote uko katika ukimya. Sasa hii ya kibandani ilikuwa imetafsiriwa. Mnaelewa maana yake: kuna bwana anazungumza juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Familia inanyata, yeye anapiga kelele, "Tazama huyo mama, anashuka ngazi, ana mimba, na msumari ule hakuuona, oooh!" Watu mia moja wanaitikia. Yaani kama wale viumbe wangekuwa na haki, wangetoka kwenye kioo wakaanza na mtafsiri.

Hata hivyo nikiri jambo ambalo sikulitarajia. Kibandani niliogopa zaidi. Nilipokuwa peke yangu niliogopa kwa niaba ya ile familia. Pale niliogopa pamoja na watu, na mtafsiri alipofika ile sehemu ya mama mwenye uchungu ndani ya beseni la kuogea akijizuia kupiga ukelele, naye alinyamaza. Sijui alifanya makusudi au maneno yalimwishia. Kibanda kizima kilizizima, nikasikia jenereta ya jirani.

Nina ombi: hiyo Peponi, je, unaazimisha?

#3 Mchangiaji, Kasulu

Mwalimu, kwa heshima zote, katika hilo la Chuma na Susi sikubaliani nawe, na nitasema kwa nini, kwa sababu mimi ni muuguzi na miili nimeishughulikia mingi.

Umeliweka robota lile katika kapu moja na mnada wa Get Out na damu ya mumiani. Mimi naliona kinyume kabisa. Mnunuzi katika filamu anachukua mwili wa mtu ili autumie, na mwenye mwili anabaki amezama gizani akitazama. Wale wapagazi walijipa kazi ambayo hakuna aliyewatuma, wakatembea miezi na miezi na kitu ambacho kila kijiji kilikiona ni nuksi, ili mtu afike kwao. Mabua ya mtama hayakuwa udanganyifu wa kibiashara. Yalikuwa ni akili ya mfiwa.

Miaka kadhaa iliyopita tulimleta marehemu mama yetu mkubwa kutoka Dar es Salaam. Gari tuliyokuwa tumekodi iliharibika katikati ya safari, tukahangaika usiku kucha kutafuta nyingine, na madereva wawili walipoambiwa kilichomo kwenye jeneza waliongeza bei mara mbili kisha wakaondoka. Kaka yangu akapendekeza tuseme ni makabati. Tukasema ni makabati. Nakuhakikishia kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemwona mama amekuwa kabati. Tuliketi pembeni yake, na kila gari liliporuka shimo mkono wangu ulikwenda wenyewe kulishika jeneza lisigonge.

Kwa hiyo unaposema "mtu anaiegemea akivuta tumbaku" ukitaka tutishike, mimi ninamwona huyo mtu ameegemea makusudi, ili lisisogee.

#4 Mwanzisha uzi

Dada yangu wa Kasulu, pole sana kwa mama mkubwa, na asante. Nimekisoma kisa chako mara mbili kabla ya kujibu, na jambo la makabati limenishinda kabisa.

Nakubali kwamba nia yao haifanani hata kidogo na ya wale wanunuzi, na niliandika kana kwamba inafanana. Pengine nilichotaka kusema ni hiki: kilichowalazimu wamgeuze robota ni kwamba katika njia ile robota la nguo lilikuwa na heshima kuliko maiti. Shuka lilipita kila mahali bila kuulizwa. Hilo ndilo linanitisha, na wala si la kwao, ni la njia yenyewe. Chuma mwenyewe aliwahi kupita njia kama hiyo akiwa mzigo: akiwa mtoto alikuwa mateka katika kundi la watumwa, na Livingstone na wenzake ndio waliomfungua mwaka 1861. Mtu aliyewahi kuwa mzigo, baadaye akamfunga aliyemfungua awe mzigo ili amfikishe salama. Nikiwaza hivyo sijui nitumie neno gani, na "kutisha" kumbe halitoshi.

Kuna daktari mmoja wa Kiingereza aliyefuatana na msafara wao kutoka hapa, aitwaye Dillon. Alikuwa amedhoofishwa na homa, akajipiga risasi huko Kasekera. Kwa hiyo waliotoka Unyanyembe na maiti moja walipata na ya pili, na bado walikwenda. Walifika Bagamoyo Februari 1874. London walimtambua kwa mfupa wa mkono ulioungana vibaya tangu alipojeruhiwa na simba, na Aprili wakamzika Westminster. Kati ya wale waliombeba hadi pwani, aliyesafiri na jeneza kwenda Uingereza alikuwa Wainwright. Chuma na Susi walifika huko mazishi yakiwa yamekwisha.

Ndugu wa Ujiji, naazimisha, lakini nina masharti. Tutazungumza.

#5 Mdau, Urambo

Nimefurahi kuona Urambo ikitajwa, na huku mumiani bado anatajwa na wazee, ingawa siku hizi vijana wanalitumia jina hilo kumtania mkusanya ushuru.

Lakini niwe mkweli. Uzi huu, tangu ulipoanza, unamtazama mtu wa nje: Mzungu wa filamu, mgeni wa gari, mfanyabiashara wa pwani. Ndugu zangu, katika mikoa hii ya magharibi na ile ya kanda ya ziwa tumezika, kwa macho yetu, watu wenye ualbino waliouawa ili viungo vyao viuzwe, na wauaji hawakuja na magari yasiyo na madirisha. Walikuwa majirani, na katika baadhi ya kesi ndugu wa damu. Wapo watoto waliohamishwa makwao wakalelewa katika vituo kwa sababu nyumbani hapakuwa salama. Mtaani kwetu alikuwapo binti mmoja ambaye mama yake alikuwa akimsindikiza hadi chooni.

Kwa hiyo nikitazama filamu ambayo watu wanasimama kwenye bustani wakiulizana bei ya kijana, siwezi kumnyooshea kidole Mmarekani. Nilikizima kioo kabla ya mwisho, na bado sijaumalizia.

#6 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Urambo, umenisahihisha mahali panapouma, na nakushukuru. Kwa kweli nilipokuwa naandika nilimfikiria bibi na hofu yake, nikasahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitukataza pia kwenda kwa jirani mmoja, bila kutueleza sababu. Sitaongeza neno la kuupamba ujumbe wako. Ukiwa tayari, umalizie mwisho wa filamu mchana. Sitakwambia kinachotokea, ila kijana anajisaidia kwa pamba, aliyoichimbua kwa kucha kutoka kwenye kiti alichofungwa, akaziba masikio asisikie kile kijiko. Mmarekani mweusi anaokolewa na kuchuma pamba. Mnaona jinsi Peele alivyo na kejeli.

Kwa kuwa umegusia mwisho wa filamu, niseme kuhusu moja ambayo mwisho wake ndio ulioniumiza. Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Inapatikana bure mtandaoni, tena kihalali, kwa sababu msambazaji alipoibadilisha jina alisahau kuweka alama ya hakimiliki, na kwa sheria za Marekani za wakati huo filamu ikawa mali ya umma. Ilinigharimu bando tu. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, wafu wake wanatembea kama walevi wa pombe ya asali, na kwa saa nzima mpwa wangu aliwacheka. Shujaa ni Ben, mtu mweusi aliyechezwa na Duane Jones, mwenye akili timamu kuliko wote walio ndani ya nyumba ile. Anavuka usiku mzima wa wafu. Asubuhi inafika kikosi cha uokoaji, kinamwona dirishani, kinampiga risasi kwa kudhani ni mmoja wao. Halafu majina yanapita juu ya picha za mnato, chakavu kama za gazeti, zinazoonyesha watu wakimbeba kwa ndoana za nyama hadi kwenye rundo la kuni.

Mpwa wangu hakucheka tena. Aliniuliza, "Hawakumuuliza hata jina?"

#7 Mwalimu mstaafu, Kigoma mjini

Vijana wangu, marahaba kwa wote walionisalimu na wasionisalimu. Nimewafuatilia kimya kimya, na naona mmeruka hadi Marekani na Uingereza bila kupita Unguja, jambo ambalo katika safari zile za zamani lisingewezekana.

Msomeni Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960. Mimi nilikipata nikiwa mwanafunzi, nikakisoma kwa kibatari, na jina lake lilinitosha kunifunga mlango kwa ndani. Kumbe ndani mna Bwana Msa na kiko chake, na maiti iliyokutwa mahali ambapo watu wa pale wanapaogopa kwa sababu ya mizimu. Wote wanatetemeka wakitaja mzimu. Bwana Msa anauliza nani alikuwa wapi saa ngapi. Nilipokuwa kijana nilikasirika, kwa sababu nilitaka mzimu uwe wa kweli. Mwaka huu nimekirudia, na nikakumbuka hapo mlipofika ninyi: mwuaji anapenda sana mahali penye mzimu, kwa kuwa hapo hakuna atakayetafuta alama za viatu.

Mwalimu wa Tabora, kwa umri wangu huu nimekuwa msomaji wa polepole, lakini hizo shajara nazo nazitaka. Na wewe dada wa Kasulu, kisa cha makabati kiandike vizuri, kirefu, usikiache humu kipotee.

#8 Mdau, Ujiji

Mwalimu, masharti nayasubiri. Nilikuwa nawaza hivi: kesho kutwa kuna jamaa yangu anatoka Tabora kuja huku kwa basi. Unaweza kumkabidhi Peponi pale stendi, na mzee wetu hapo juu akiridhia, ziongezwe na hizo shajara, nikishapokea nitampelekea mwenyewe nyumbani.

#9 Mwanzisha uzi

Masharti ni mawili: usikunje kona za kurasa, na usimsimulie mtu mwingine mwisho wa Yusuf. Kesho asubuhi nitakuwa stendi. Nimezifunga zote mbili kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, kisha mke wangu, akihofia zisilowe, akazizungushia shuka la zamani na kulikaza kwa kamba.

#10 Mdau, Ujiji

Mwalimu, tafadhali lifungue hilo shuka. Tia kwenye boksi, na juu yake uandike kwa herufi kubwa: VITABU.